Sindano Uliyomkataza Mkeo

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu natanguliza kwa sababu mama alitulea kwa adabu, si kwamba leo umezistahili. Hujambo? Unakula, unalala? Mama hajambo, goti lake limetulia. Mimi na cherehani yangu bado tunasukumana. Haya, salamu zimekwisha.

Mkeo yuko hospitali. Mwanao pia. Ni wa kiume, kazaliwa kabla ya wakati, mdogo hata nepi inamfika kwapani. Anapumua kwa mashine. Daktari anasema kila siku ikipita tushukuru. Hajasema kwamba atapona, nami sitakudanganya.

Halafu wewe unatuma ujumbe: "Nani kawaruhusu kumpasua bila kuniuliza?" Loo! Ni mimi, dada yako. Mkeo hakuwa na pumzi ya kusema ndiyo wala hapana. Ulitaka tungoje mpaka upate nafasi ya kupokea simu?

Kliniki walimshauri mapema achomwe sindano ya kuzuia mafua makali. Akasema ngoja kwanza nimuulize mume wangu. Ukamjibu mjamzito hachomwi ovyo, na mafua hayajawahi kuua mtu. Tangu lini fundi friji akawa daktari? Sikio lisilosikia dawa lilikuwa lako, aliyetaka kufa akawa mwingine.

Homa ilipompanda, ukamwambia ajifukize, asimeze dawa yoyote. Akatii. Niliporudi kutoka kazini nikamkuta amekaa wima kitandani, midomo imebadilika rangi, kulala hawezi. Jirani yetu dereva alitukimbiza, Mungu ambariki. Daktari akasema mafua yameshuka mapafuni, na mwenye mimba yakimshika humwangusha haraka kuliko mtu mwingine, yeye na aliye tumboni. Dawa yake ipo, hata mjamzito hupewa, ila inataka kuwahiwa. Sisi tulikuwa tunachemsha maji!

Hata hivyo, si hilo linalonichoma zaidi. Mkeo alipopata nguvu kidogo, muuguzi mkuu alimuuliza mbona hakuchanjwa. Akajibu, "Nilisahau." Akanikazia macho nisiseme kitu. Tangu hapo kila zamu inayoingia inamsema: mama gani huyu, mzembe. Anainamisha kichwa, anamkamulia mwanao maziwa. Anakusitiri wewe! Nimeuma ulimi mpaka basi.

Sitaki pesa zako, wala sitaki maua. Namba ya wodi iko nyuma ya karatasi hii. Piga leo hii, uombe kuzungumza na muuguzi mkuu, umwambie: mke wangu hakusahau, ni mimi niliyemkataza. Kisha uombe upewe mkeo, na safari hii usimwagize kitu. Msikilize.

Mama anakusalimu, ingawa amesema simu yako hataipokea kwanza. Shangazi anakuombea. Mungu akulinde huko uliko, na amwachie mwanao pumzi, aje akujue baba yake ukiwa mtu mwenye haya.

Nikupendaye hata leo, kwa taabu,
Dada yako