Samaki Hatamii Kama Kuku

Mjukuu wangu Wambui,

Pokea salamu kutoka Dundori. Mimi niko na nguvu kuliko baba yako, muulize. Ng'ombe amezaa, viazi vimekubali, baridi tumezoea.

Unasema samaki wako wanataga na mayai yanapotea, mpaka unataka kumpa jirani tangi. Usimpe. Umeuliza mtu anayejua.

Nikiwa kijana niliandikwa kazi kwa daktari mmoja huko Molo. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo la samaki wa rangi ya machungwa. Siku moja nikaona mayai yameshika kwa majani ya maji. Nikamwambia msichana wa jikoni, yule niliyekuja kumwoa akawa cucu yako, kwamba hayo yote nitayaangua. Nikachukua karai la maji, nikaweka majani na mayai, nikamweka na mama yao, nikafunika na gunia vile tunafanyia kuku anayetamia. Asubuhi hakukuwa na yai hata moja, na mama ameshiba.

Cucu yako alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe bwana, ulimwandalia meza."

Walipotaga tena nilihamisha mayai peke yake. Kazi ngumu ilikuwa kukaa mbali nisiyaguse. Siku ya sita tuliinama pamoja juu ya karai, tukaona vitoto vyembamba kama kope, vina macho. Akanong'ona, "Kumbe hawakuhitaji mtu."

Nikamwambia walinihitaji mimi, niwatenge na mama yao. Akakubali kwa kichwa, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo mpaka tukamzika, sikumshinda tena kwa maneno.

Ni mimi guka yako.