Mpera Usiokuwepo

Mama Kasto, mke wangu,

Alfajiri umenijia tena ndotoni. Umejifunga khanga yako ya njano, ukanipita kama gogo, ukaenda moja kwa moja kuinama kitandani kwa mume wako mdogo. Padri alituhakikishia umepumzika, kumbe unatembea tu. Sawa. Mjukuu ulimwita mume tangu ananyonya. Mimi mwenye meno matatu nitashindania nini?

Unakumbuka ulivyokuwa ukimwekea Beda paja la kuku, mimi shingo? "Mume wangu anakua," ulisema, "wewe unapungua." Nilicheka mpaka ugali ukanipalia.

Sasa sikia, usinune. Mwezi uliopita mwanao Kasto alimleta Beda huku Mshangano, mkono umevimba. Ameanguka kwenye mpera wa hapa kwako, baba, akasema, mpeleke wewe, mimi nina kazi. Nikampeleka kituo cha afya, na wimbo huo huo wa mpera mdomoni.

Daktari ni binti mdogo, mgeni huku kwetu. Akaniamkia shikamoo, kisha akamvua mtoto shati. Nikamtania kwamba kilichoumia ni mkono, si shati. Hakucheka. Akamtazama mgongoni, mapajani, nyuma ya masikio, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Alama nyingine za njano, nyingine za zambarau. Picha ya eksirei ikaonyesha mahali pengine mfupa ulipovunjika zamani, ukajiunga wenyewe. Akaniambia mtoto akianguka huchubuka magoti na paji la uso. Hakuna anayeangukia nyuma ya sikio. Halafu akauliza, "Babu, mpera huo uko wapi?"

Mke wangu, unaujua ulipo. Niliukata mwenyewe siku ulipotutoka, kwa kuni zake tukawapikia waliokuja kukulilia. Nilijua ni uongo tangu Kasto aliposimama mlangoni. Na Beda alikuwa ananitazama, ameukumbatia mkono wake, anangoja nami nidanganye.

"Hakuna mpera," nikasema. "Ni baba yake."

Watu wa ustawi wa jamii wakaja, na polisi. Kasto hanisalimii tena. Fimbo aliijulia kwangu, ndiyo ile uliyokuwa ukinifichia darini. Nitamlaumu nusu, nusu nibaki nayo. Beda analala kwangu sasa, anavuta blanketi lote kama wewe.

Jana tumepanda mche wa mpera kando ya kisiki. Siku akianguka, aanguke kweli.

Ukipita tena, nisalimie na mimi.

Mumeo mkubwa,
anayepungua