Nenda Ukashike Kamba

Uingereza, Novemba 1998

Kaka yangu Komora,

Nakusalimu wewe na wote hapo Kulesa. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti la mama linaendeleaje? Na mpunga, maji ya mafuriko yamewaachia chochote?

Nina jambo la kukushukuru, na usinicheke. Unajua kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta hospitalini. Mwezi uliopita waliniambia nihamishie kwenye mashine mpya programu ya maabara, ile inayoweka majibu ya damu za wagonjwa. Nikishindwa, narudi kwenu na sanduku langu.

Mashine zote mbili ni za ukoo mmoja wa mitambo, unaoitwa Unix, nikadhani nimepata mteremko. Kwenye programu kuna neno O_SYNC. Linaiamuru mashine isiseme "imehifadhiwa" kabla maandishi hayajafika kwenye diski yenyewe. Mashine mpya ikasema hailijui. Mimi na haraka zangu nikalifuta. Programu ikaenda, tena mbio kuliko kwanza, nikasifiwa.

Kesho yake ningekabidhi kazi. Ndipo nikakukumbuka wewe kule mtoni, ulivyokuwa ukiniuliza: "Mtumbwi umefunga?" "Nimefunga." "Nenda ukashike kamba." Hata mvua inyeshe, ulinirudisha nikahakikishe fundo kwa mkono wangu. Basi nikaingiza majibu matano ya kujaribia, mashine ikasema imehifadhi, nikachomoa waya wa umeme. Ilipowaka tena, hakuna hata moja.

Nilitaka kunyamaza. Mwisho nikaenda kwa mkuu wangu, mama mmoja mtu mzima, nikamweleza yote. Akasema, "Kitu hicho kimo. Huku kinaitwa O_FSYNC." Ni kama wewe: Waorma wanaotuletea maziwa Garsen wana jina lao la kukuita, sisi tuna letu, na anayeitika ni Komora yule yule. Nikalirudisha neno nililofuta, nikaandika na mistari mitatu ya kuiambia mashine: kama hulijui jina hili, tumia lile. Nikachomoa waya tena. Yote matano yalikuwepo.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika kweli, na kuna mama aliyekuwa akijifungua huku anavuja damu. Majibu yake yalikuwa yameingizwa dakika ile ile. Mashine ilipowaka yalikuwepo, akaongezwa damu. Juzi nilimwona anatoka na mtoto wake. Hanijui. Nilimpisha mlangoni, machozi yakanitoka.

Mkataba wa kazi nimepewa. Wasalimie mama, shemeji, na shangazi yetu wa Tarasaa.

Zamani nilikuchukia kwa ile kamba, nakwambia kweli. Leo watu wananipa mkono wa pongezi, na mkono huo ni wako. Asante, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Buya