Baba, Nimeikata Pikipiki Yako

Baba,

Barua za namna hii huanza kwa neno "mpendwa". Nililiandika, nikalitazama, nikalifuta. Ukikasirika, kasirika, maana sasa huwezi kuniinukia. Wewe umelala kule nyumbani, chini ya mstari wa mwisho wa majani chai, na mimi niko Sigor, huku Bomet, kwenye gereji yangu, nimekalia tairi kuukuu na mikono imejaa grisi. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu mambo yako tuliyaficha muda mrefu mno.

Nimeikata pikipiki yako. Nilichukua grenda nikaikata fremu sehemu ya nyuma, chini ya kiti, pale pale ulipopachomelea kwa mkono wako ukawa unawaonyesha wageni. Cheche zilinirukia usoni nikawa nacheka. Chebet, mke wangu, alikuwa ameniletea chai. Akasimama mlangoni na kikombe.

"Leo unakaa mtu amerukwa na akili," aliniambia.

Nikamwambia aiweke chai hapo, nakuja.

Wasiokujua lazima waelezwe pikipiki hii ilikuwa kitu gani. Ulikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, na meneja wa zamani alipofunga virago kurudi kwao Uingereza alikuachia pikipiki iliyokuwa na umri kukushinda wewe. Ukaikarabati mpaka meneja mwenyewe asingeitambua. Uliirefusha shingo, ukakishusha kiti, ukalitengeneza tangi upya na kulipaka rangi ya damu ya mzee, na ekzosi ukaikata ikabaki fupi kama kidole. Sauti yake ilivuka bonde kabla yako. Watu wa Litein wakiisikia walitoka madukani kukupungia mkono. Sisi nyumbani tukiisikia tulizima redio.

Nyuma haikuwa na springi hata moja. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, hivyo jiwe likigonga tairi linamgonga aliyekaa, mpaka kwenye meno. Mafundi wenzako walikusihi uiwekee shoki. Nilikuwepo, nimeshika tochi, na nilisikia jibu lako: "Shoki ni ya wamama. Mwanaume anakaa na barabara vile iko." Wakacheka wote. Ulikuwa na kipaji cha kuchekesha watu wa nje.

Nisiseme uongo, mazuri nayo nayakumbuka. Ni wewe uliyenifundisha kuisikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nilisimama katikati ya magoti yako, wewe unanuka chai na petroli, ukaniuliza, "Umesikia hiyo valvu inalia?" Nikasikia. Nilijiona mtu mkubwa kijiji kizima. Halafu jioni ile ile nikaangusha nati kwenye nyasi, na mpini ule ule wa bisibisi ukautia kinywani mwangu. Wateja wangu hudhani pengo hili nililipata kwenye mpira, nami nawaacha wadhani hivyo.

Nilijaribu miaka mingi kukumbuka siku moja nzuri iliyofika mwisho wake ikiwa bado nzuri. Sijaipata. Kulikuwa na ule mkanda wa mashine uliotoka nao kiwandani, mweusi, mzito, ulioutundika nyuma ya mlango wa jikoni mahali ambapo watu wengine hutundika kalenda. Mama aliusogeza kila alipopiga deki, akaurudisha palepale. Ulimvunja mkono, ukamvunja ubavu, halafu Jumapili ukampakia nyuma ya pikipiki hiyo hiyo mkaenda kanisani, na watu wakasema tazama mzee na mke wake walivyopendeza.

Sasa niseme la Fort Ternan, kwa sababu mazishini hakuna aliyelisema.

Mama alikuwa na mimba, imeshaonekana. Ulitaka kumsalimia dada yako, Senge, aliyeolewa kule Fort Ternan, na ukasema mtaenda kwa pikipiki. Barabara ile ilikuwa mawe matupu. Mama alinisimulia mara moja tu, akiosha sufuria, bila kunigeukia. Alikuomba, "Baba Kiprono, pole pole." Ukaongeza mafuta. Akakuomba tena, ukaongeza tena. Alisema ulikuwa unayatafuta mashimo, hata yaliyokuwa pembeni uliyafuata. Mlipofika, Senge aliosha damu kwenye kiti, na wewe ukasimama uani ukimwambia awe mwangalifu asije akakwangua rangi. Mtoto alikuwa wa kiume. Ulirudi peke yako, ukatuambia Mama amebaki kusaidia kazi. Alirudi baadaye kwa lori la miwa, amekaa mbele kando ya dereva, akashuka akaenda moja kwa moja kukamua ng'ombe.

Nakuchukia kwa ajili ya siku hiyo. Nimeokoka, naimba kwaya, na bado nakuchukia.

Presha ilikuangusha katikati ya majani chai, jembe mkononi. Mazishini walikusifu sana. Mchungaji alisema umeacha pengo, nikakaribia kucheka. Mama hakulia. Alikaa nyuma ya jikoni akamenya viazi vya wageni wote, na kila aliyetaka kumsaidia alimfukuza.

Tungeishia hapo, Baba. Ungebaki udongoni, nasi tungejifunza kuongea kwa sauti ndani ya nyumba yetu. Lakini Chebet akajifungua.

Unaijua kazi ya kurenet, na wewe uliitwa hivyo hivyo. Wanawake wanakusanyika, mtoto anapuliziwa ugoro kidogo puani, na majina ya waliotangulia yanatajwa moja baada ya jingine. Jina litakalomkuta akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi ndani yake. Tumebatizwa, lakini hilo hatujaliacha, na mchungaji hujifanya hajui. Senge alikuja kutoka Fort Ternan kuongoza. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, kama wanaume wanavyotakiwa.

Nilimsikia Mama akisema, "Tajeni wote. Huyo mmoja msimuite."

Wakataja. Wakamtaja babu yako, wakamtaja ndugu yako aliyekufa maji, wakarudi nyuma mpaka kwa watu ambao hata Senge hakujua walizikwa wapi. Mtoto kimya. Wakampulizia tena. Kimya, machozi tu ya ugoro.

"Mama Kiprono, usinikasirikie," Senge akasema. "Kuchagua si kazi yetu. Ni mtoto anachagua."

Akakutaja. Nilisikia chafya kubwa, chafya ya mtu mzima. Wanawake wakapiga vigelegele kwa mazoea, halafu vikakatika kimoja kimoja. Mama alitoka akanipita bila kuniona, akaenda nyuma ya choo akatapika.

Tangu siku hiyo hakumgusa mtoto. Mtoto anakaribia kumaliza mwaka wa pili sasa, na hata kidole alikuwa hajampa. Tulipokwenda nyumbani alimwekea uji kwenye kikombe, akakiacha juu ya stuli na kurudi nyuma. Hakumwita jina, alimwita "huyo". "Huyo amekula?" "Huyo aache kushika mlango wangu." Na mtoto, ungemwona, anampenda kuliko sisi sote. Alimfuata na mikono juu, akiita nyanya yake, "Kogo! Kogo!", na Mama alitembea haraka kuingia jikoni na kufunga mlango, na mtoto alibaki kuugonga kwa viganja. Chebet alilia njia nzima kila tuliporudi. Mimi sikuweza kumlaumu Mama. Nimewahi kumtazama mwanangu akitupa kikombe kwa hasira, nikakutafuta usoni mwake.

Pikipiki ilikuwa imebaki stoo, imefunikwa gunia. Mama alinipigia simu: "Kuja utoe hii kitu kwa boma yangu, ama nichome na stoo yake." Nikaja na pikapu nikaileta Sigor. Mnunuzi alijitokeza upesi, kijana wa mjini Kericho mwenye kupenda vitu vya kale. Nilimkataa. Angeikalia vile vile ulivyoiacha na kuisifu. Nilitaka kuibadilisha mimi mwenyewe, na kama wafu wanaona, basi uone. Na niliwaza jambo jingine ambalo sikumwambia hata Chebet: kama kitu ulichokitengeneza wewe kinaweza kufundishwa kuacha kumpiga anayekikalia, basi na mtoto yule asiwe na hatia ya jina.

Haikukubali kwa urahisi. Pini za mbele zilishikwa na kutu, nikazigonga kwa nyundo nikikutaja jina kwa kila pigo, na pigo moja likanipata kidole gumba, kucha ikatoka. Zile springi zako za mbele nilizitupa, nikaweka foki za kisasa zenye mafuta ndani. Nyuma nilichomelea mabamba mawili ya chuma kinene, nikafunga uma wa kushika gurudumu, unaopanda na kushuka, niliotoa kwenye pikipiki iliyopata ajali. Bushi zake nilikerezewa Kericho, za shaba. Breki zako za kukanyaga na kuomba Mungu nikazitoa, nikaweka ya sahani. Shoki za kwanza zilikuwa ngumu mno. Niliijaribu kwenye barabara ya murram nikarushwa mtaroni, nikaamka na mdomo umejaa vumbi, nikaipiga teke mpaka vijana wa boda wakaja kunishika. Nikatafuta shoki laini zaidi, za pikipiki nyepesi, nikazilegeza kidogo kidogo. Siku niliyopita kwenye shimo nikasikia kiti kinashuka na kurudi taratibu, niligeuza nikalipita shimo lile tena.

Habari zilimfikia Mama. Nani alimwambia, sijui, Bomet nzima ni redio. Alikuja Jumamosi iliyopita kabla ya saa sita, amevaa gauni la kanisani na gumbuti. Pikipiki ilikuwa imesimama katikati ya gereji, nimetoka kuipangusa.

"Nasikia unatengeneza huyo mzee arudi," alisema.

"Mama, ni pikipiki tu. Nimeiwekea shoki. Haigongi tena, kuja uone."

"Haigongi?"

"Haigongi, Mama."

Aliitazama. Magoti yake yanauma, lakini hatua zile hazikuwa za mtu mwenye magoti mabovu. Aliokota nyundo kubwa kwenye meza yangu akaipiga taa ya mbele, vioo vikamwagika. Akalipiga tangi. "Hii ni ya mtoto wangu!" Akalipiga tena, kwa ajili ya yule wa Fort Ternan. "Hii ni ya mtoto wangu!" Mama yetu, Baba, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti hata kumwita ng'ombe. Rangi yako ilibanduka vipande vipande. Petroli ikaanza kuchuruzika, nikakimbia kuzima jiko la chai, lakini nyundo sikumnyang'anya. Ilikuwa haki yake. Boda walijaa mlangoni, wengine wakatoa simu, nikawatukana matusi ambayo si ya mwanakwaya, wakazirudisha mfukoni. Alikuwa amehamia nyuma sasa, anapiga shoki zangu mpya, anapiga uma, jasho na machozi vinamtoka pamoja, na kilemba kimeanguka.

Mtoto alikuwa amelala chumba cha nyuma na Chebet. Makelele yalimwamsha, akaponyoka akaja mbio kwa sababu alisikia sauti ya Kogo. Alimkuta Kogo ameinua nyundo juu ya kichwa.

Hakulia. Alikaa chini palepale kwenye mafuta, akakunja magoti, akafunika kichwa kwa mikono yake miwili. Hakuna aliyewahi kumpiga, naapa. Mkojo ukamtoka, ukatengeneza kidimbwi chini yake. Unaujua mkao huo, Baba. Sote nyumbani kwako tuliukaa, na wewe ulisimama juu yetu, ukatuona hivyo, na hukuacha.

Mama aliacha. Nyundo ilibaki juu muda ambao ningeweza kuvuta pumzi na kuitoa, halafu akaishusha, akaiweka chini polepole, kama anayeogopa kuamsha mtu. Akapiga magoti kwenye mafuta na gauni lake la kanisani. Alijaribu kuibandua mikono ile midogo kichwani, ikakataa.

"Usiogope," alimwambia. "Si wewe. Kogo hapigi wewe. Si wewe, mtoto wangu. Si wewe."

Alilisema hilo mara nyingi, mpaka mikono ikashuka. Akamnyanyua na mkojo wake na mafuta yake, akamkandamiza kifuani, na mtoto akamshika shingo kwa nguvu zake zote. Boda wakaondoka mlangoni bila kuambiwa.

Mama bado yuko hapa Sigor, anasema magoti yanamsumbua kusafiri. Asubuhi hii nimemkuta uani amemfunga mtoto mgongoni kwa leso, anafua nguo zake, anamwita jina. Jina lako, Baba, analiita kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia asimvute nywele.

Kaa huko ulipo. Hapa jina limeshapata mwenyewe.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
baba wa anayeitwa kama wewe.