Mzigo Unaopita Uholanzi

Baba mpendwa,

Kamwene. Natumaini kifua kimekupa nafuu, na ukungu wa Mufindi hauwaingii ndani kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Johannesburg nako ni baridi, ila hatuna jiko la kuzunguka pamoja.

Naandika kwa sababu ya simu ya Jumatano. Haikuwa mtandao, Baba. Niliikata mwenyewe.

Kampuni yetu inauza kadibodi za kutengenezea maboksi, na ilitaka kuchagua nchi moja ya Ulaya ya kupeleka mzigo: Uholanzi au Ureno. Meneja wangu, Mama Dineo, alinipa kazi ya kulinganisha karatasi na kadibodi ambazo kila nchi huagiza kutoka nje. Nilijua ndicho kipimo changu. Muda wa majaribio ulikuwa unaisha, na bila mkataba sina kibali cha kuishi hapa. Nikaandika kwamba Uholanzi inaizidi Ureno kwa mbali sana. Akanisifu, akaipeleka taarifa kwa wakurugenzi.

Kesho yake nikaipitia tena, unajua nilivyo, nikaona nilipokosea. Nilihesabu kila kilichoshushwa bandarini. Kumbe mzigo mwingi unaoingia Uholanzi haubaki. Hupakiwa tena kwenda kwa majirani. Ni kama zile karatasi zilizoviringishwa mlizokuwa mkizipanga mlangoni mwa ghala la kiwanda, zikingoja lori tu.

Nilikaa kimya hadi mchana. Huku nimejifunza kukaa kimya. Tangu wageni walipopigwa mtaa wa jirani, kwenye teksi huwa natamka neno moja tu, "robot", ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, nishushwe hapo, lafudhi yangu isije ikanitaja.

Mwishowe nikainuka. Thabo, mwenzangu wa meza ya pili, akaniuliza kama nina akili, nimesifiwa halafu nakwenda kujichongea. Mama Dineo alisoma masahihisho yangu, akavua miwani.

"Ungenyamaza, ningejua lini?"

"Mzigo ukishafika, Ma."

Akanipeleka kwa wakurugenzi nikaeleze mwenyewe. Waliniuliza maswali mengi, wakaniagiza nilinganishe upya kwa kuhesabu kinachobaki tu. Jumatano wakanipa mkataba.

Nikashuka Bertrams, mtaani ninakoishi, na habari ile, nisimwone wa kumwambia. Hapo ndipo ulipopiga. Nikasahau niko wapi, nikaitikia salamu ya kwetu, "Kamwene, Baba", kwa sauti ile ile ya nyumbani. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu akageuka. Nikakata, nikatembea kama si mimi niliyesema. Yeye akainama kufunga kamba za kiatu, akaendelea na njia yake. Labda hakuwa na neno nami. Ulipiga tena, nikaiacha iite mfukoni hadi nikafunga mlango. Nilishindwa kukupigia, sauti yangu ingewatisha.

Mwambie Mama mkataba nimepata, ulale usingizi moyo wake. Msalimie shangazi anayechuma chai, na kaka fundi baiskeli, na bibi, umwambie lile blanketi lake ndilo ninalojifunika.

Usinipigie tena mchana, Baba. Piga Jumapili jioni nikiwa chumbani. Unisalimie polepole, usiharakishe kuniuliza habari za kazi. Nataka niitike salamu yote, hadi mwisho.

Ni mimi binti yako, bado mzima,
Upendo