Nyonga Yangu Nataka Iende Maabara

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usichelewe kunijibu, kwa sababu moyo wangu umechoka na madaktari wameacha kabisa kunizungumzia habari za mwakani. Mimi ni mwanamke mzee, nilifundisha historia chuo kikuu hadi nikastaafu, na ninayekuandikia habari zake ni mke wa kitinda mimba wangu, mkamwana ambaye ni mhandisi, anapima viungo bandia katika maabara, na ambaye amenirudisha darasani katika uzee huu wa kushinda kitandani.

Ilianza siku aliponikuta nimechuchumaa uani nafua mashuka, mimi mwenye nyonga ya chuma niliyowekewa miaka mingi iliyopita, akasimama mlangoni kama aliyeona paka anaendesha baiskeli, akasema, "Mama! Daktari hakukukataza?" nami nikamjibu kwamba alinikataza, na papo hapo nikamweleza kuwa nyumbani kwangu kazi zote ziko chini, naye akageuza ndoo akaikalia, akaanza kunifafanulia kwamba nyonga yangu ni tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, kwamba kila hatua inakikwangua kikombe hicho kidogo sana, na vumbi lake likizidi huula mfupa, na kwamba kazini kwao wana mashine inayozitembeza nyonga mpya bila kupumzika ili waone zitachakaa vipi.

"Na hiyo mashine inachuchumaa?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Inatembea tu."

"Inakaa mkekani?"

"Haikai."

"Basi hiyo mashine yenu ni bwana mkubwa. Haijawahi kufua hata soksi."

Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniuliza nachuchumaa mara ngapi kwa siku, na aliporudi tena aliniambia amewauliza wakuu wake mashine ile inaigiza mwendo wa nani, wakatazamana, maana ni mwendo wa watu wanaotoka kitini kwenda kitini, na tangu hapo kila Jumamosi anakuja, ananichorea kwa kidole juu ya shuka, tunabishana ni nani anayeulizwa kitu kinapobuniwa, kwa nini ngazi za basi ziko juu kiasi kile, kwa nini kitanda cha hospitali kinamtosha daktari kuliko mgonjwa, na mshauri, nimekaa na maprofesa maisha yangu yote lakini sijaona mtu anayefurahi kama huyu anapoulizwa swali asilojua jibu lake.

Sasa wameitengeneza upya mashine yao, inachuchumaa, lakini ananiambia hawawezi kuiamini mpaka waone nyonga iliyochuchumaa kweli, ndani ya mtu, kwa miaka mingi, nikamwambia ninayo hapa, nikifa itoeni, naye akatokwa na machozi akasema, "Mama, usinitie matatani. Mimi ni mkamwana. Siku hiyo nikifungua mdomo tu, nitaambiwa nilikuwa nasubiri ufe." Na hakosei, kwani nilipolitaja jambo hilo kwa mzaha mezani, kifungua mimba wangu aliweka kijiko chini akasema, "Mama atazikwa mzima, hata kucha haitoki," akamtazama binti wa watu kama mtu anayemtazama mwizi, na mumewe, kitinda mimba wangu, akajifanya anasoma simu.

Kwa hiyo nimepanga kusaini hospitalini kwa siri, waitoe kabla watoto hawajafika kuniosha, wala wasijue kamwe, kwa sababu nampenda huyu binti kuliko nilivyowahi kumwambia, na sina kingine cha kumwachia ambacho atakitumia. Je, nakosea?

Ni mimi, Bibi wa Nyonga.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi wa Nyonga, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Mkwe na mkamwana wanaobishana kuhusu plastiki badala ya chumvi ya mboga! Mna bahati nyote wawili.

Lakini hilo la kusaini kwa siri, mama yangu, hapana. Wewe mtu wa historia unajua siri za marehemu humlipukia nani. Watoto wakiona mshono mpya kwenye paja lako, unadhani watamuuliza daktari? Watamgeukia mhandisi wa familia. Unataka kumpa zawadi, utamwachia kesi.

Na kifungua mimba wako umemwonea. Huyo hapigani na sayansi. Anaogopa kukupoteza, na hajui aseme vipi. Jumamosi zote hizo umemfungulia mkamwana moyo wako. Mwanao umemtupia mzaha wa maiti wakati anakula, kisha ukanuna kwa kuwa hakucheka. Hapo ulikosea.

Sasa sikiliza. Waite watoto wako wote wiki hii, ukiwa bado una pumzi ya kumkatiza atakayekudakia. Mkamwana asiwepo chumbani, asije mtu akasema anakuwekea maneno mdomoni. Mwalike daktari wako awaeleze yeye mwenyewe kitakachotolewa, na jinsi utakavyoshonwa vizuri na kurudishwa kwao kuoshwa na kuzikwa kwa heshima. Kisha useme wewe. Waambie wako wanawake usiowajua ambao watawekewa nyonga mwaka huu, watakatazwa kuchuchumaa, na watachuchumaa, kwa kuwa kazi zao ziko chini kama zako. Saini mbele ya macho ya wote. Mwanao akikataa, muulize anaogopa nini, na umsikilize hadi amalize, hata akikuudhi. Mwili ni wako na neno la mwisho ni lako, lakini alisikie kutoka kwako.

Mkamwana naye mwambie unampenda. Usimwachie kazi ya kukisia.

Jambo la mwisho, na hili usilipuuze: kazi ya kuipeleka nyonga maabara mpe kifungua mimba. Mwambie yeye ndiye mkubwa, na wewe humwamini mwingine. Yule binti na asubiri upande wa pili wa meza, aipokee kutoka mkononi mwa shemeji yake.