Njia ya Lokandu

Alunguli, Kindu
Novemba 2023

Kwako Yaya Twaibu, Lubumbashi.

Assalaam alaykum, kaka yangu mkubwa. Naomba barua hii ikukute una nguvu, shemeji amepona mguu na watoto wanasoma. Sisi huku tunaendelea kwa rehema za Mungu. Mvua imeanza, na treni ya kwenu haijafika tangu mwezi jana, kwa hiyo nampa barua mtu anayesafiri kwa ndege. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikatiza, na jambo hili nataka ulisikie lote.

Unajua kwamba mimi na wenzangu tunajitolea kuchora jimbo letu la Maniema kwenye ile ramani ya kompyuta ambayo kila mtu anaweza kuiongezea. Mmoja anaandika kijiji, mwingine daraja, mwingine anasahihisha. Sasa kuna mwenzetu Gauthier, mpwa wa Mbusa, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Lori la mjomba wake lilizama kwenye tope la njia ya Lokandu, sukari yote ikalowa. Kwa hasira akaandika kwenye ramani kwamba njia ile imekatazwa kwa magari yote.

Nilimwambia hakuna aliyeikataza. Hakuna barieri ya kufunga njia, hakuna kibao, hakuna amri ya mkuu yeyote. Kama ni mbaya kwa malori, tuandike kuna tope, tuwashauri wenye malori wasipite wakati wa mvua. Kukataza ni kazi ya serikali, si yetu. Akacheka. “Mama Halima, tofauti iko wapi? Mutu akikwama, amekwama.”

Tofauti ilionekana upesi. Kuna shirika linalopeleka chanjo vijijini, na utaratibu wao ni kwamba dereva hapiti njia ambayo ramani inasema imekatazwa. Pikipiki zao, ambazo zilikuwa zikipita pale bila shida, zikasimama. Marceline, muuguzi wa kituo cha huko, akatupigia simu akilia: surua imeingia, na friji yake ni tupu. Shirika likataka mtu aende akaone na kuleta picha. Wenzangu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyebisha.

Yaya, wewe unajua kwa nini nilitaka kukataa. Ndiyo njia aliyoshika mama wakati wa vita, mji ulipozingirwa, tulipokuwa tumekula hata maganda. Alikwenda kutafuta mihogo shambani, hakurudi. Tangu siku hiyo sikuwahi kutoka mjini upande ule. Shangazi alipozikwa Lokandu nilisema naumwa. Nimezeeka humu humu, kati ya kivuko, soko na nyumba, kama mtu aliyefungiwa ndani na wenyewe wameondoka na ufunguo.

Nilikwenda na Zéphirin, dereva wa pikipiki. Nyumba za mji zilipoisha nilimwomba asimame, nikashuka, nikageuka kuutazama mji. Alisema tu, “Mama, tunaweza kurudia nyumbani. Hakuna mutu atajua.” Nikapanda tena.

Tope lilikuwepo, tena tope kweli. Daraja moja limebaki magogo matupu, tukaivusha pikipiki kwa kuisukuma. Lakini wanawake walikuwa wakipita na mawese kichwani, baiskeli zinapita, pikipiki zinapita, na hakuna aliyetuzuia. Karibu na Lokandu mvua ikatushika. Bibi mmoja muuza samaki, jina lake Onema, akatukaribisha jikoni kwake. Kama kawaida akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema ni Halima, binti Mbaraka, wa Kindu. Akageuza samaki wake motoni. Kisha akaniuliza, “Na Twaibu? Twaibu iko muzima?”

Jina lako sikuwa nimelitaja, yaya.

Onema akanisimulia yote: mama hakuuawa siku ile. Wenye silaha waliwakuta yeye na wenzake shambani, wakawaswaga hadi porini. Akatoroka, akafika kwa Onema miguu imevimba. Alikuwa na mimba. Alitaka kurudi kwetu, lakini kila aliyetoka upande wa Kindu alimwambia njia imefungwa. Mwanzoni ilikuwa kweli, ilifungwa kwa bunduki. Baadaye bunduki ziliondoka, ila watu waliendelea kusema vilevile, na yeye alikuwa na mtoto mgongoni. Akaogopa, akangoja. Homa ikamchukua akiwa bado anangoja. Onema alikuja Kindu kututafuta, akakuta nyumba yetu ya mtaa wa Kasuku imebomolewa na sisi tumeshahamia ng’ambo ya mto, huku Alunguli. Jirani akamwambia tulikufa wote.

Mtoto yule anaitwa Neema. Aliingia na ndoo ya maji, akasimama mlangoni, nikaona paji la uso la mama na lile pengo lake la meno. Akamuuliza Onema, “Huyu njo nani?” Onema akamjibu, “Njo dada yako.”

Kaburi liko nyuma ya nyumba, limefyekwa vizuri. Nilikaa pale nikimfikiria baba, aliyekufa akiamini kwamba ndiye aliyemtuma mama kwenye kifo.

Nilirudi, nikalifuta lile katazo, nikaandika: kila mtu anaruhusiwa kupita, malori hayashauriwi wakati wa mvua. Gauthier alikuja kugomba, akatazama picha, akaketi. Chanjo zimefika. Lakini kuna mtoto alikufa kabla hazijafika, na Gauthier anajua.

Uliapa hutakanyaga tena Kindu, mji uliotupokonya mama. Sikulaumu. Nakuomba tu uje.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mume wangu anakusalimu sana, na Onema pia. Neema atakuja kwangu mwisho wa mwezi. Anataka siku utakayofika akupikie yeye, na aliniuliza unapenda samaki gani. Nimesahau. Tuandikie.

Mdogo wako,
Halima Mbaraka